Baba Yangu na Filamu Zisizosema

Watu wa Rumonge, mji wetu wa kando ya ziwa, hawatazami filamu, wanasimuliwa filamu. Nalisema hili bila mapenzi. Weka picha yoyote kwenye banda la video, ya Wachina wanaorushiana mateke au ya Wahindi wanaolia kwenye mvua, na lazima pembeni kuwe na mtu ameshika mikrofoni, anaeleza nani ni nani, nani amemkosea nani, na nani atajuta. Mtu huyo tunamwita mtafsiri, ingawa Kichina hajui, Kihindi hajui, na Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Anabuni. Watazamaji wanajua kwamba anabuni, na ndicho wanachokuja kulipia. Picha peke yake, wanasema, hata mbuzi anaweza kuitazama.

Baba yangu alikuwa mtafsiri mwenye banda lake, na aliwashinda wote kutoka mjini mpaka Kigwena. Sisemi hivyo kwa sababu ni baba yangu. Nina mengi ya kumlaumu. Alikuwa na sauti nzito isiyo na haraka, na alijua kuwahamishia kwetu watu wa mbali. Jambazi wa Kichina akiteremka mlimani, baba alisema ametoka Bugarama kuuza maharage, amepunjwa sokoni, na sasa anatafuta wa kummalizia hasira. Bibi harusi wa Kihindi akisukuma sahani, baba alisema huyu kwao alizoea samaki mukeke mnono na hapa kawekewa ndagala, dagaa tupu. Watu walishika mbavu. Lakini palipokuwa na msiba kwenye picha alipunguza maneno, akayatoa moja moja, na nimewahi kuona wachuuzi wa mawese, watu wagumu wasiosamehe hata kijiko, wakifuta macho kwa mkono wa shati.

Kisha akashikwa na malaria kali, akatundikiwa dripu ya kinini. Malaria ilipona. Lakini kwa ile dawa masikio yakaanza kuvuma, yakaziba, na hayakufunguka tena. Wenye dawa zao walipita nyumbani kwetu mmoja baada ya mwingine na mafuta ya kudondoshea, na kila mmoja aliondoka ameridhika kuliko alivyotuacha sisi. Sitaki hata kuwakumbuka.

Mtu anaweza kufikiri kwamba mtafsiri anayebuni hahitaji kusikia. Anahitaji sana. Lazima ajue bunduki imelia wapi, wimbo umeanza wapi, mahali gani pa kuacha kilio kipite chenyewe. Baba alijaribu kuendelea kwa muda. Akawa anazungumza nyimbo zikiendelea, anatania wakati risasi zinalia, anamalizia sentensi wakati anayesema ameshakufa. Watazamaji walewale waliokuwa wanamnunulia kahawa wakaanza kumzomea. Hakuwasikia, lakini mwenye macho haambiwi tazama. Siku moja alimpa mdogo wangu wa kiume mikrofoni, na banda pamoja nayo, akarudi nyumbani.

Mdogo wangu ni mtu wa maneno mengi. Anasema bila kupumua, na akiishiwa anarukia mizaha ya makalio ya wanawake, maana hapo hakosi kicheko. Banda lilijaa. Ziwa lilipopanda na kuingia kwenye banda la zamani, alijenga jingine juu ya soko, la mbao na mabati, lenye sakafu ya mbao na spika kubwa kama makabati. Simnyimi haki yake: alifanya kazi. Ila hakuwahi kumwalika baba hata kuliona.

Mimi wakati huo nilikuwa nimesharudi nyumbani. Ndoa yangu ilikuwa imekufa kifo chake, mama alikuwa ametutoka, na nyumba ilikuwa na baba tu, ameketi barazani kwenye kiti cha kamba. Wenzake walikuja mwanzoni. Lakini kuzungumza na kiziwi kunachosha, na watu wa mji wetu hawapendi kuchoka bila malipo. Wakawa wanapita barabarani, wananyanyua mkono, wanapiga kelele "Amahoro, Mzee!" kana kwamba kelele zingesaidia, na hawasimami. Runinga aliigeuzia mgongo. Alisema watu wa humo wanafungua na kufunga midomo kama samaki kwenye ndoo. Siku nzima ilipita bila mtu kumwambia neno, na mimi nilikuwa kazini.

Kazi yangu ni kibanda cha fotokopi karibu na soko. Napiga fotokopi za vitambulisho, nachapa barua za kuomba kazi, na nawawekea watu nyimbo na filamu kwenye flash zao. Siku moja alikuja Mkongo mmoja, mwanakwaya, mtu wa heshima mwenye tai. Flash yake ilikuwa imejaa na alitaka nafasi ya nyimbo za kwaya.

"Mama, toa ile mapicha ya zamani yote," aliniambia. "Haina sauti. Ilikufaka."

Alisema alipewa picha hizo na mtu wa mradi fulani wa Wazungu aliyekuwa anahama, na hakujua ni za nini. Mimi sifuti kitu cha mtu kabla ya kukiangalia. Nikafungua ya kwanza, kisha ya pili, na yule mwanakwaya akabaki amesimama akiangalia saa yake.

Zilikuwa filamu fupi za mwanzo kabisa, za wakati sinema ilipokuwa bado inatambaa. Kila moja ya dakika moja hivi, nyingine haifiki. Zina rangi ya majivu na mikwaruzo inayonyesha juu yake kama mvua nyembamba. Hakuna muziki wala mtu anayesema. Soko la mabata mahali fulani penye baridi. Wanaume wawili wanaingiza kabati mlangoni, kabati halipiti, wanasukuma, na mwisho mlango ndio unaong'oka. Fundi viatu anasinzia, na viatu vinashuka mezani kimoja kimoja na kutoka nje. Abiria wanashuka kwenye meli, wengi wanashtuka kuona kamera, na bwana mmoja mwenye sharubu anavua kofia kuisalimia. Mwanamke anainama katikati ya barabara kumfunga mtoto kiatu, magari ya farasi yanapita huku na huku, naye hana haraka, anafunga mpaka kiatu kinakaa.

Nilizipenda palepale, na nitasema kwa nini, maana nimechoka kuulizwa na watu wanaojibu wenyewe kabla sijafungua kinywa. Nilipenda adabu yao. Kamera imesimama mahali pamoja kama mwenye duka anayeangalia njia asubuhi wateja hawajaja. Haikimbilii kitu. Filamu za siku hizi zinanishika kidevu: angalia hapa, sasa ogopa, sasa lia. Hizi zilinipa barabara nzima na kuniachia. Mara ya kwanza unamwangalia anayepita katikati. Ukirudia unaona kwamba pembeni, kulia, kuna muuza mabata ambaye bata wake amemtoroka na anajifanya hajali. Ukirudia tena unaona mkewe, na mkewe anajali.

Na kulikuwa na ufundi ambao hakuna anayeuheshimu. Vile viatu vinavyotembea, nilikaa navyo mpaka nikaelewa. Waliisimamisha kamera, wakasogeza kiatu kidogo, wakazungusha mpini wake tena, wakaisimamisha, wakasogeza. Watu wazima walishinda wakisogeza viatu ili mimi nicheke kwa muda wa kunywa maji. Sijui kazi nyingi za siku hizi zilizofanywa kwa uvumilivu ule, na hakika sizijui hapa kwetu.

Tena wote wamekufa. Wamekufa wao, wamekufa watoto wao, na mabata nayo hayako. Yule bwana mwenye sharubu ameshika kofia yake anasalimia tangu zaidi ya miaka mia iliyopita, na sidhani kuna aliyemjibu. Mimi nilimjibu. Nilisema waalaikum salaam kwa sauti, na yule mwanakwaya akakaza tai yake na kuuliza kama nyimbo zimeshaingia.

Nilizihamisha zote kwenye kompyuta yangu kabla ya kumfutia. Jioni nikaichukua kompyuta nyumbani, nikaiweka mbele ya baba. Aliangalia kidogo tu, akatazama vidole vyangu.

"Umezima sauti," alisema. Siku hizo alikuwa ameanza kupaza sauti bila kujua, na majirani walisikia kila tulichozungumza.

Sisi tunazungumza naye kwa simu: naandika kwa herufi kubwa, anasoma, anajibu kwa mdomo. Nikaandika: Hazina sauti. Zilitengenezwa hivyo. Hakuna anayesikia kitu.

Alisoma, akarudia kusoma. "Hakuna mutu? Hata wewe?"

Nikaandika: Hata mimi.

Akavuta kiti. Tuliziangalia zote, tukaanza upya. Tangu augue, ilikuwa mara ya kwanza kuketi na baba yangu tukiwa sawa, na sikutegemea kwamba jambo hilo lingenichoma namna ile. Nilikuwa na furaha, na papo hapo nilikuwa na hasira na miaka yote iliyopita ambayo hakuna aliyefikiria kumtafutia kitu kama hiki, mimi nikiwa wa kwanza. Baba hakuwa na habari na hasira zangu. Alikuwa amesogea mpaka pua inakaribia kioo.

"Ule wa nyuma hapa kwa kabati," alisema, "habebi. Anaweka mikono tu. Mwenzake ndiye anakufa na uzito."

Niliangalia tena. Kweli, alikuwa habebi.

Basi akaanza kuzisimulia. Mwanzoni alinisimulia mimi wakati wa chakula, kisha nikawa narudi kazini namkuta anazisimulia peke yake, kompyuta ya zamani niliyomwachia imewekwa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Alizipanga zifuatane jinsi alivyotaka. Soko la mabata likawa soko la Kizuka siku ya Iddi, na yule aliyetorokwa na bata akawa shemeji aliyetumwa kununua kuku, akanunua kisichojulikana. Abiria wa meli wakawa watu waliorudi ukimbizini, kila mmoja anatafuta kwa macho kama kuna aliyekuja kumpokea, na yule mwenye kofia ndiye pekee anayejua hakuna aliyekuja, ndiyo maana anasalimia kila mtu. Nilipoisikia hiyo niliacha kuosha sahani. Ile ya mwanamke na kiatu aliihangaikia sana. Alijaribu kumfanya awe anakwenda msibani, akaacha. Alijaribu kumfanya awe mama yetu, akashindwa kumaliza. "Hii bado," alisema, akairuka.

Siku moja alinisubiri mlangoni.

"Nataka kusimulia hizi mbele za batu," alisema. "Mara moja tu. Kwa hizi masikio ni ya nini? Nani atanizidi?"

Hakuna jambo alilokuwa ameomba tangu augue, hata maji alijichotea mwenyewe. Hili aliliomba, na lilikuwa jambo la haki. Filamu za kusema zilimfukuza. Hizi zilikuwa zinamfungulia mlango. Nikaenda kwa mdogo wangu.

Nilimkuta anarekebisha nyaya nyuma ya pazia la banda. Alinisikiliza huku anacheka.

"Dada, batu hawatakubali. Picha ya bubu? Batasema spika imeharibika."

"Si ndiyo kazi ya mtafsiri?"

"Na sauti ya Mzee umeisikiaka?"

Nilikuwa nimeisikia. Sidanganyi: sauti ya baba ilikuwa imeharibika. Mtu asiyejisikia anapoteza kipimo. Maneno yalimtoka yote kwa uzito mmoja, mengine kwa nguvu ya kuita mtu ng'ambo ya mto, mengine yakizama kooni. Mimi nilikuwa nimeizoea. Mgeni angehitaji subira, na subira haiuzwi katika banda lile.

Kunionyesha kwamba anasema kweli, Jumapili ile mdogo wangu aliweka filamu moja ya zamani, ile ya meli, kabla ya filamu yenyewe, bila maelezo. Nilikuwepo. Muda wa kupepesa jicho haukuisha, banda zima likaanza, "Sauti! Sauti!" Mwanamume mmoja mwenye afya njema aliinuka, akaenda mbele, akaipiga spika ngumi, akaitikisa, akaitegea sikio. Alipoona haitengenezeki alirudi kukaa, na wenzake wakampongeza kwa kujaribu. Yule bwana kwenye meli alivua kofia kuwasalimia, na watu wa mji wangu wakamwangalia kama mtu aliyewaibia.

Nilijua basi imeshindikana. Kumbe mdogo wangu alinifuata mpaka kibandani siku chache baadaye, mpole, amejaa adabu.

"Bon. Nimefikiria," alisema. "Siku ya pili ya Iddi, saa ya alasiri. Mzee atasimulia. Mimi nitapanga yote, wewe usihangaike."

Nilimshukuru. Nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili nikamwambia murakoze sana, na shukrani ile mpaka leo imenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Baba alijitayarisha kama bwana harusi. Alinyoa, akavaa kanzu ya Iddi na koti ambalo mama alimchagulia zamani, akatembea mbele yangu mpaka kule juu ya soko. Alipoingia bandani alisimama akaangalia mbao, mabati, viti, pazia, akapapasa spika kwa kiganja. Hakusema lolote juu ya kutoalikwa kwake. Watu walijaa. Walimpisha, wakamwinulia vidole gumba, na mdogo wangu akamketisha kwenye kigoda mbele, upande wa pazia, akampa mikrofoni ambayo waya wake ulipita chini ya pazia na kupotelea nyuma. Mimi nilikaa benchi la mbele, goti langu karibu na lake.

Filamu ya kwanza ilikuwa soko la mabata. Baba aliinua mikrofoni, akaanza, "Hapa ni Kizuka, ndugu zangu, na Iddi ni kesho." Nilimsikia vizuri, kwa sababu nilikuwa pale. Lakini sauti iliyotoka kwenye spika ilikuwa ya mdogo wangu, inasema kwamba hawa ni Wazungu wanaogombania bata kwa sababu wake zao hawajui kupika kitu kingine, na kwamba yule mnene pale, jamani, muangalie anavyotembea. Banda likalipuka. Baba aliwaona wanacheka, akatabasamu, akaendelea na shemeji yake.

Sikuelewa mara moja. Nilifikiri kuna kosa la nyaya. Niliinuka, nikazunguka nyuma ya pazia. Mdogo wangu alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda, jicho lake kwenye tundu la pazia, mikrofoni nyingine mkononi. Waya wa baba ulikuwa umelala chini, ncha yake haijachomekwa popote. Aliniona, akafunika mikrofoni yake kwa kiganja.

"Namufichia aibu, dada," alinong'ona. "Uliza batu: wanafurahi, naye anafurahi. Nani amekosa kitu? Rudi ukae."

Ningeweza kumnyang'anya. Lakini ningefanya nini baada ya hapo? Ningezima spika, banda lingezomea, baba angegeuka kuuliza kuna nini, na ningelazimika kumwandikia kwenye simu, mbele ya mji mzima, kwa herufi kubwa. Mdogo wangu alikuwa amepanga yote, kama alivyoahidi. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kimevaa nguo za Iddi. Nikarudi nikakaa.

Nilizisikia filamu zile mara mbili kwa pamoja. Masikio yangu yalishika masimulizi mawili: moja la spika, la makalio na mabubu na Wazungu wajinga, na chini yake lile la baba, linasikika kwa shida, lenye meli ya wakimbizi na bwana anayesalimia kila mtu. Na wale watu hawakuwa wamedanganywa, hilo ndilo linaloniuma. Kila mtu Rumonge anaijua sauti ya mdogo wangu. Walijua nani anasema na nani anachezesha mdomo, na walimpigia makofi baba yangu kama mnavyompigia makofi mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Wengine walikuwa watu wazima aliowahi kuwaliza machozi ya kweli.

Ikaja filamu ya mwanamke na kiatu. Baba aliishusha mikrofoni, akailaza juu ya goti, akafunga mdomo. Alikuwa ameamua kwamba hiyo haihitaji neno. Aliangalia picha pamoja na watu wake, kimya, mikono imetulia. Yule mwanamke akainama. Spika ikasema jambo juu ya mwanamke anayeinama barabarani ambalo sitaliandika, na banda zima likacheka, wanawake nao wakacheka wamefunika midomo kwa vitenge. Baba aligeuka. Aliwaangalia watu kwa muda mrefu, kisha akatazama chini, kwenye miguu yake. Picha ikaisha. Ilipoanza inayofuata aliinua mikrofoni, akasimulia kabati na mlango, akasimulia fundi viatu, neno kwa neno kama alivyojizoeza, mpaka mwisho.

Walimshika mkono mmoja mmoja wakati wa kutoka. Vidole gumba vilikuwa vingi. Mdogo wangu alimkumbatia mbele za watu, na baba akampigapiga mgongoni.

Tulikuwa tumeshafika nyumbani, nimeshampa chai, aliposema. Safari hii alijaribu kuishusha sauti, ikatoka nyembamba.

"Pale kwa yule mama na kiatu, mimi nilinyamaza."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nilinyamaza, na ubao uliendelea kutetemeka chini ya miguu yangu. Mwanzo wote nilisikia ule mutetemeko, nikasema, Alhamdulillahi, sauti yangu bado iko na nguvu."

Niliandika: Kwa nini hukuacha palepale?

"Filamu zilikuwa hazijaisha," alisema.

Niliandika mengi baada ya hapo, kwa hasira, makosa matupu. Niliandika kwamba mdogo wangu lazima ajue kwamba baba anajua. Alisoma akanirudishia simu.

"Usimuambie. Anafikiri amenipa zawadi. Ukimunyang'anya hiyo, atabaki na nini?"

Kwa hiyo sijamwambia. Amri ya mzazi ni amri, na mimi ninaibeba kama gunia la mtu mwingine. Mdogo wangu anaieleza hadithi ile kwa wauza kahawa na kwa yeyote anayesimama, jinsi alivyomrudishia baba yake heshima. Watu wanamwombea dua. Nikipita wananiambia tuna bahati kuwa na kijana kama yule, nami naitikia, na nasikia uchungu mpaka kwenye meno.

Wiki iliyofuata mdogo wangu alikuja kusema kwamba watu wanauliza Mzee atarudi lini. Nilimwandikia baba neno moja: Kataa. Alilisoma, akavaa miwani kulisoma tena, kana kwamba lilikuwa refu. Kisha akamwambia mdogo wangu kwamba atakwenda. Tulipobaki wawili sikumficha hasira yangu. Nilimwandikia kwamba anajidhalilisha, kwamba anawapa kitu cha kuchezea. Akanijibu bila ukali, akiwa anakunja kanzu yake.

"Hapa nyumbani nasemesha ukuta, mwanangu. Kule iko batu."

Sasa anakwenda kila Jumapili alasiri, na mikrofoni anayojua kwamba imekufa. Masimulizi yake yamezidi kukua. Yule shemeji wa bata ameshapata mke na madeni, na wale wa meli, mmoja wao juzi alipokelewa. Kwenye filamu ya kiatu bado ananyamaza, na bado wanacheka. Mimi nakwenda naye. Nawahi mapema ili nipate benchi la mbele, kwa sababu sauti yake haifiki benchi la pili.